Kuwasha au Kuamsha? Uhakiki wa Kiswahili cha Kompyuta Inayokataa Kuanza

Makala haya yanakusudia kuchunguza pembe moja ya Kiswahili cha kompyuta ambayo wataalamu wa istilahi wameipita bila kuitupia macho, nayo ni lugha inayohitajika pale mashine inapokataa kuanza. Kazi ya kuipa kompyuta msamiati imefanywa kwa bidii na haistahili kubezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa huko Tanzania lilianza kutoa orodha zake za Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970; Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981; na mwaka 2004 kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizaa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kazi za ofisi yenye sura ya Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows katika muongo huohuo. Kwa sababu ya juhudi hizo mtumiaji anaweza leo kufungua faili, kulihariri, kulihifadhi na kulichapa bila kukutana na neno la kigeni. Hata hivyo kazi zote hizo zina dhana moja ya kimyakimya iliyojificha chini yake: zinachukulia kwamba kompyuta imekwisha kuanza. Hazina la kusema juu ya ile ambayo haikuanza.

Jambo hili si la nadharia tupu. Uchukuliwe mfano wa Kiriaini, ambao wengine huuandika Kiria-ini, mji mdogo wa Mathioya katika Kaunti ya Murang'a, karibu kabisa na mpaka wa Nyeri, kwenye barabara inayounganisha Murang'a na Othaya. Ni nchi ya chai na kahawa, yenye miteremko mikali na mvua nyingi, na kama ilivyo katika miji mingi ya nyanda hizo stima hupotea na kurudi bila kuaga. Kuna kinaya katika jiografia yake. Maji ya mto Mathioya huteremka hadi Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa hiyo wilaya inayoupa mtambo maji ndiyo hiyohiyo inayokaa gizani mtambo unapozimika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi ya Kenya ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Habari za kompyuta zilizokuwa zikiandika kwenye diski katika dakika ile hazikutangazwa na mtu.

Kompyuta inayokatiwa umeme katikati ya kuandika huenda isiamke vizuri umeme unaporudi. Ikiwa ni kompyuta ya mezani, fundi hutazama kioo. Lakini nyingi za mashine zinazotegemewa leo katika shule, katika zahanati na katika vibanda vya intaneti hazina kioo: ni seva ndogo iliyofichwa kabatini, ni ruta, ni kompyuta ya bodi moja kama Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Mashine ya namna hiyo inapougua, mlango pekee wa kuingilia ni konsoli ya mfuatano. Mafundi wengi husema "siriali", na mwanafunzi mgeni husikia "siri", jambo ambalo si baya sana kama mzaha. Lakini "mfuatano" ni neno bora zaidi, kwa kuwa linaeleza kinachotendeka: biti hupita katika waya mmoja zikifuatana moja nyuma ya nyingine, kama siafu. Kanuni ya waya huo, iitwayo RS-232, ilitolewa Marekani mwaka 1960, wakati mashine zilizosemezana na kompyuta zilikuwa taipureta za umeme za kampuni ya Teletype. Alama ya taipureta hizo bado imo katika jina la kifaa ambacho Linux hukitumia, ttyS0. Nyaya tatu zinatosha: wa ardhi, wa kupeleka na wa kupokea, na ule wa kupeleka wa upande mmoja sharti uingie kwenye wa kupokea wa upande wa pili, kwani vinywa viwili vikielekezwa kimoja kwa kingine bila sikio hapana mazungumzo.

Kinachotoka katika waya huo ni matini. Hii ndiyo hoja inayopasa kuwavuta wasomi wa lugha. Hakuna picha, hakuna rangi, hakuna kitufe cha kubonyeza. Kuna mistari ya maneno, kila mmoja ukiwa umetanguliwa na muda uliohesabiwa kwa sekunde tangu kiini cha mfumo kianze kufanya kazi. Ni simulizi yenye msimulizi, wakati na mfuatano wa matukio, na mara nyingi msimulizi hufa kabla ya kumaliza. Anayeisoma hufanya uhakiki, apende asipende.

Neno "kuwasha" na madhara yake

Kosa la kwanza limo katika kitenzi kinachotumika kila siku. Shuleni na vitabuni mwanafunzi huambiwa "washa kompyuta". Kitenzi hiki kimetokana na moto, kikahamia kwenye taa, na kutoka kwenye taa kikapewa kila chenye swichi. Taa ama inawaka ama haiwaki. Hapana taa iliyowaka nusu, wala taa iliyokwama katika hatua ya tatu ya kuwaka. "Kuwasha" ni kitenzi cha tukio moja, na mwenye kukitumia kwa kompyuta hufundishwa na lugha yenyewe kwamba kuanza kwa mashine ni jambo la mara moja. Matokeo yake husikika wazi mezani pa fundi. Mteja huja na kusema "haiwaki", hali feni inazunguka, taa ya kijani inametameta, na diski inanguruma. Kwa kweli imewaka. Kilichokosekana kimetokea baadaye, mahali ambapo kitenzi chake hakifiki.

Waingereza hutumia neno lenye asili ya mzaha: mtu anayejiinua kutoka chini kwa kuvuta mikanda ya viatu vyake mwenyewe. Mzaha huo umebeba fumbo halisi la kazi hii, yaani kwamba inahitajika programu ili kuipakia programu, na programu hiyo ya kwanza nayo lazima ipakiwe na kitu. Wale wanaosema "kubuti" wamechukua sauti na kuliacha fumbo mlangoni. Neno hilo kwa Mswahili halina tumbo. "Kuanzisha" ni Kiswahili safi lakini ni pana mno. Huanzishwa chama, huanzishwa ugomvi.

Neno linalopendekezwa hapa ni "kuamsha", pamoja na jamaa zake wote. Mtu haamki kwa mara moja. Hufumbua macho, huketi, husimama, ndipo atoke nje. Na Kiswahili kinamtambua aliyeamka bila kuinuka. La muhimu zaidi ni mnyambuliko. Katika kompyuta ya kawaida yenye Linux, programu fupi iliyomo ndani ya chipu hukagua kumbukumbu na vifaa, kisha humwamsha kipakizi, ambaye siku hizi mara nyingi ni GRUB. Kipakizi hukiamsha kiini. Kiini, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huamsha vifaa na kupachika mafaili, kisha huamsha mchakato unaobeba namba 1. Na huo ndio unaoziamsha huduma nyingine zote. Kwa neno moja, huamshana. Ni mbio za kupokezana vijiti, na kijiti kikianguka hakianguki "katika kompyuta", huanguka kati ya mkimbiaji fulani na mwenzake. Anayesema "haiwaki" hawezi kuuliza ni kati ya nani na nani. Anayesema "kipakizi kimeamka lakini hakikukiamsha kiini" amekwisha kufanya nusu ya kazi ya ufundi kwa sarufi peke yake.

Yupo atakayepinga kwamba "kuamsha" tayari kunahitajika kwa kompyuta iliyolazwa kwa muda ili kuokoa betri. Pingamizi hilo lina uzito, lakini lugha haikukosa akiba: iliyolazwa huzinduliwa, na ikizinduka hukumbuka ilipoachia kazi.

Kipakizi kimoja cha zamani, LILO, ambacho uendelezaji wake ulikoma mwishoni mwa 2015, kiliwahi kulifanya jambo hili kwa ufasaha kuliko mwandishi yeyote wa miongozo. Kilikuwa kikiandika jina lake herufi moja baada ya nyingine kadiri kilivyoendelea. Ikitokea L peke yake, sehemu ya kwanza imeamka lakini haikuweza kuipakia ya pili. Ikitokea LI, sehemu ya pili imepakiwa lakini haikuweza kutekelezwa. LIL ilimaanisha kwamba sehemu ya pili imeanza kazi ila imeshindwa kuisoma ramani yake. Jina likitimia, kipakizi kimetimia. Herufi nne zilitosha kuwa utambuzi wa ugonjwa, na hazikuhitaji tafsiri katika lugha yoyote. Ni nadra kupata ufupi wa namna hiyo katika maandishi ya mitambo, na pengine hata katika ushairi wa baadhi ya magazeti.

Kiswahili ndani ya diski iliyofungwa

Kwa nini basi Kiswahili cha Jambo OpenOffice hakishuki hadi kwenye waya wa konsoli? Wengi watajibu kwa haraka kwamba ni ubeberu wa lugha, na jibu hilo si la uongo kabisa, lakini linaficha sababu ya kiufundi ambayo ni kali zaidi. Programu nyingi huru hutafsiriwa kwa njia iitwayo gettext: maneno ya Kiingereza hubaki ndani ya programu, na tafsiri zake huwekwa katika mafaili ya pembeni, ambayo programu huyafungua inapohitaji. Mafaili hayo yamo ndani ya diski. Diski hiyo haijafunguliwa mpaka kiini kiipachike. Ikiwa ugonjwa wenyewe ni kwamba kiini hakikuweza kuipachika diski, basi Kiswahili kimefungiwa ndani ya nyumba ileile ambayo mlango wake umekataa kufunguka, na nje kizingitini anasimama Mwingereza peke yake. Hata GRUB, ambacho kina uwezo wa kuonyesha menyu kwa lugha nyingi, huhifadhi tafsiri zake katika faili. Kikishindwa kuzifikia moduli zake huangukia katika hali ya uokozi, mahali ambapo amri ni chache na lugha ni moja.

Juu ya hayo, kiini cha Linux hakitafsiriwi kabisa. Ujumbe wake huandikwa kwa Kiingereza ili taarifa ya hitilafu itokayo popote iweze kusomwa na mtengenezaji aliye popote, na ili fundi aliyenakili mstari mmoja aweze kuutafuta na kuukuta umekwisha kujadiliwa na wengine. Hoja hii ni nzito, na wapenzi wa Kiswahili wasijifanye hawaisikii. Mstari uliotafsiriwa ni mstari usiotafutika. Fundi wa Kiriaini aliyeona "UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY" kwa herufi kubwa hizo ana bahati ya kwamba maelfu wameuona kabla yake kwa herufi zilezile. Angeuona kwa Kiswahili angekuwa mpweke na ujumbe wake.

Hivyo basi kosa la watetezi wa istilahi si kwamba hawakukitafsiri kiini. Kosa ni kwamba, baada ya kuona hakitafsiriki, walidhani hapana kazi iliyobaki. Daktari haitafsiri namba iliyotoka maabara. Huieleza kwa mgonjwa na kwa muuguzi, katika lugha yao, na maelezo hayo ndiyo tiba inapoanzia. Vivyo hivyo mstari wa konsoli unaweza kubaki ulivyo, kama jina la Kilatini la mmea, na Kiswahili kikachukua mahali panapokifaa: katika mwongozo uliochapishwa karatasini na kuwekwa kando ya mashine, ambao hautegemei diski yoyote. Mwongozo wa namna hiyo ndio uliokosekana. Katika vyuo vya ufundi vya Kenya masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mafundi wanapoinamia mashine husemezana kwa Kigikuyu na Kiswahili, na Kiingereza kikiingia hapa na pale kama jina la kipuri. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo bado haujafika chini ya meza ya fundi.

Kuna jambo moja la maandishi ambalo halina budi kutajwa, hata kama ni kwa kupita. Waya wa mfuatano ulizaliwa katika zama za alama 128 za msimbo wa ASCII, na Kiswahili, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi, hupita humo bila kuacha hata nukta. Kigikuyu hakina bahati hiyo. Herufi zake ĩ na ũ hazimo katika alama zile 128, wala hazikuwamo katika seti ya herufi iliyoenea baadaye Ulaya ya Magharibi. Zilipata namba zao katika Unicode tangu miaka ya 1990, na hadi leo konsoli isiyowekwa sawasawa huzigeuza takataka. Kule Karatina, Gakaara wa Wanjau alichapa vitabu vya Kigikuyu kwa miaka mingi na akapata Tuzo ya Noma mwaka 1984 kwa shajara yake ya kizuizini. Si haki kwamba lugha yenye mapokeo kama hayo ya uchapaji ishindwe na waya. Lakini kwa Kiswahili maana yake ni kwamba kisingizio cha herufi hakipo. Mtu akitaka kipakizi kiandike mstari mmoja wa Kiswahili katika menyu yake, kwa mfano kuonya kwamba chaguo fulani ni la matengenezo tu, anaweza kuuandika leo hii na ukasomeka kwenye konsoli ya aina yoyote.

Haikupata, haijapata, haipati

Wataalamu wa istilahi wamezoea kuhesabu nomino. Orodha zao ni za majina: kipanya, kivinjari, nywila, tovuti, tarakilishi au ngamizi au kompyuta, na ugomvi juu ya hayo matatu ya mwisho umekula karatasi nyingi. Lakini lugha ya kutafuta hitilafu haijengwi kwa majina. Hujengwa kwa vitenzi, na hasa kwa kukanusha, kwani mgonjwa hueleza zaidi yale ambayo hayakutokea. Hapo ndipo Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza cha konsoli hakina, na ndipo uzembe wa watafsiri unapoumiza.

Uchukuliwe mstari mashuhuri kuliko yote, ule unaosema "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Tafsiri ya harakaharaka itakuwa "haiwezi kupachika mzizi". Msamiati hapo si mbaya. "Kupachika" ni neno zuri, na mwanaisimu atatabasamu akiona kwamba katika kompyuta mzizi ndio unaopachikwa, wakati katika neno mzizi ndio unaopachikiwa viambishi. Kasoro imo katika njeo. "Haiwezi" inasema hali ya kudumu, kana kwamba mashine haina uwezo huo na haitaupata. Ukweli uko katika zile namba mbili za mwisho. Zikiwa 0 na 0, kiini hakikuitambua diski yoyote kwa jina lililotajwa: pengine jina limekosewa katika maagizo, pengine dereva wa diski hayupo, pengine picha ndogo ya mafaili inayobeba dereva huyo haikupakiwa. Zikiwa 8 na 1, au 179 na 2, mambo ni mengine: kiini kimeiona diski, au kadi ya kumbukumbu kwa ile 179, na kimeufikia mlango wake, lakini hakikuyaelewa yaliyomo. Kwa Kiswahili tofauti hii hujisema yenyewe. Katika hali ya kwanza, "hakikuiona". Katika ya pili, "kimeiona, hakikuweza kuisoma". Fundi wa kwanza atayachunguza maagizo ya kipakizi. Wa pili ataichunguza diski. Aliyepewa "haiwezi" atainunua diski mpya katika hali zote mbili, na katika hali ya kwanza atakuwa amezitupa pesa zake.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Kiini kinaweza kupewa agizo liitwalo rootwait, na kikilipokea hukisubiri kifaa chenye mzizi bila kikomo. Konsoli huandika kwamba kinasubiri, kisha kimya. Haikutokea hitilafu yoyote kwa maana ya kiufundi. Kadi iliyolegea tundu lake ikisukumwa ndani kidogo, safari huendelea. Hali hii ina njeo yake kamili katika Kiswahili: "hakijakipata". Kiambishi -ja- cha kukanusha hakisemi tu kwamba jambo halipo. Husema kwamba bado linatazamiwa. Mgeni ambaye "hakufika" amekwisha kuondolewa katika hesabu ya chakula. Ambaye "hajafika" amewekewa sahani. Kiingereza hulazimika kuongeza neno ili kupata maana hiyo, lakini Mswahili huipata ndani ya kitenzi.

Hapa kuna tatizo ambalo haliwezi kufichwa. Katika Kiswahili cha bara, na Kiswahili cha miji ya Mlima Kenya ni kimojawapo, mpaka kati ya -ja- na -ku- umefifia. Husikika mara kwa mara "sijamwona jana" mahali pa "sikumwona". Walimu hulisahihisha jambo hili kama adabu ya lugha, na wanafunzi hulichukua hivyo, kama suala la kuvaa vizuri. Mezani pa fundi si suala la mavazi. Mwanafunzi anayeripoti "haijapata diski" akikusudia "haikupata" amemwambia mwenzake asubiri mashine ambayo imekwisha kukata tamaa. Walimu wa sarufi wanaotafuta mifano yenye maisha badala ya ile ya Juma na Asha wangefanya vyema kuichukua hapa.

Tafsiri ya neno kwa neno huanguka vibaya zaidi katika mstari unaotangaza kifo chenyewe. Kiini kinaposhindwa kabisa huandika "Kernel panic - not syncing", kisha sababu. "Kiwewe" kwa neno la pili ni chaguo linalofaa, na lina ladha. Lakini sehemu ya "not syncing" imewahadaa wengi. Anayeifasiri kuwa "hailandanishi" au "haioanishi" atamfanya msomaji atafute ni vitu gani viwili vinavyogombana, na hapana vitu viwili. Maana yake ni kwamba kiini, kwa kuwa hakijiamini tena, hakitayamwaga kwenye diski yale yaliyokuwa yakisubiri kuandikwa, kisije kikaiharibu. Ni usia wa mtu anayejua kwamba mkono wake umetetemeka na hivyo anakataa kutia saini. Kwa Kiswahili: "hakitaandika yaliyosalia". Maneno mawili, na hofu yote ya msomaji juu ya data zake inapata jibu la kweli: yaliyosalia yamepotea, yaliyokwisha kuandikwa kiini hakikuyagusa.

Mstari huohuo huwapotosha wasomaji kwa njia nyingine, kwa kuwa ni wa mwisho, au karibu na wa mwisho. Msomaji mchanga huamini kwamba mwisho wa simulizi ndio wenye siri. Kwenye konsoli mwisho ni kilio tu. Chanzo kimo mistari ishirini au arobaini juu, kikisemwa kwa sauti ya kawaida kati ya habari zisizo na madhara, labda kwamba kifaa fulani hakikujibu kwa muda uliowekwa. Ndiyo maana waya una faida juu ya kioo hata pale kioo kipo. Kioo hujaa, mistari ya juu husukumwa nje na kupotea, na mashine iliyokufa haiwezi kuirudisha. Mwenye waya ameihifadhi yote upande wa pili, katika kompyuta iliyo hai. Wahakiki wa fasihi wanalijua sharti hili kwa jina jingine: matini isomwe nzima.

Na ukimya nao usomwe. Ikiwa kipakizi kilisema na kiini hakikusema, yawezekana kiini kimekufa, na yawezekana pia kinazungumza vizuri kabisa mahali pengine, kwa sababu hakikuambiwa kwamba msikilizaji yuko kwenye waya. Agizo fupi, console=ttyS0,115200, likiongezwa katika maagizo ya kipakizi, hurejesha sauti. Aliyefundishwa kusema "imekufa" kwa kila kisichosikika hatalifikiria.

Linabaki suala la upatanisho wa kisarufi, ambalo mwongozo wowote utakaoandikwa hauna budi kulikabili tangu ukurasa wa kwanza. "Kipakizi" na "kiini" vyote viko katika ngeli moja. Sentensi "kilikiamsha lakini hakikupata kumbukumbu" haisemi ni kipi kilichokosa, na katika kazi hii jibu ndilo kila kitu. Juu katika makala haya kipakizi kimepewa upatanisho wa mtu mahali pamoja, "humwamsha kipakizi", na hilo halikuandikwa kwa bahati mbaya. Mafundi wenyewe huipa mashine nafsi: husema imekataa, imegoma, imekasirika, na msemaji wa Kigikuyu hutumia kitenzi chake cha kukataa, kũrega, kwa gari na kwa mtoto vilevile. Yafaa basi kusema "mpakizi", awe wa ngeli ya watu, na kiini kibaki katika ngeli ya vitu: "alikiamsha lakini hakikupata kumbukumbu". Kwa mabadiliko ya kiambishi kimoja utata umekwisha. Wenye kutunga kamusi wataona kwamba neno hilo hutumika pia kwa mtu apakiaye shehena bandarini, na hakuna ubaya. Kazi ni ileile.

Kuhusu umbo la mwongozo wenyewe, mistari ya konsoli iwekwe kwa Kiingereza kama inavyotoka, herufi kwa herufi, na kando yake maelezo ya Kiswahili kwa vitenzi vyenye njeo iliyopimwa. Ukurasa wa kwanza lakini usiwe wa maana za maneno. Uwe wa kasi. Ruta nyingi husema kwa biti 9600 kwa sekunde na seva nyingi za Linux kwa 115200, na msikilizaji aliyeweka kasi isiyolingana na ya msemaji hupokea vurugu ya alama zisizosomeka, ambazo si Kiingereza wala Kiswahili, ingawa waya ni mzima na mashine iko hai na inasema ukweli wote.